Nani Atanimwagia Poda?

Goma, Himbi, tarehe 6 Oktoba 2024

Papa mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, Shangazi Généreuse naye mzima, isipokuwa goti lake linaanza kulalamika kila mvua inapokaribia. Na wewe umeamkaje huko kambini Lac Vert? Kifua kimetulia? Hilaire wa moto, aliyepita jana na pikipiki yake, ameniambia bado unakohoa asubuhi, kisha akaniomba nisikwambie kwamba yeye ndiye aliyesema. Sasa nimesema.

Habari kubwa ni hii: somo la kazi yangu ya mwisho chuoni limekubaliwa. Nitaandika juu ya riwaya moja ya Waingereza, ya wakati wa malkia Victoria, na jinsi mahali watu wanapokaa, pamoja na mabadiliko ya tabia zao, vinavyoonyesha tabaka lao. Usikunje uso, ni hadithi tu. Kuna muzee mmoja, Yosia, msokota kamba za meli. Alikuwa na karakana yake bandarini, wafanyakazi, na kiti chake mbele kanisani. Binti yake akachukuliwa na mama tajiri akae naye kwenye nyumba kubwa juu ya kilima. Kisha meli zikaanza kutumia minyororo ya chuma, kamba zikakosa wanunuzi, na muzee akahamia chumba cha chini ya ardhi kinachovuja maji ukutani. Mwandishi anakuonyesha ule ukuta kwanza, halafu ndipo anakuonyesha muzee akianza kuwa mkali na kujificha.

Nitaitetea mwishoni mwa Januari, mbele ya jury ya maprofesa na watu wote. Unajua desturi yetu: jury wakishatangaza matokeo, mzazi ndiye anayetangulia kummwagia mtoto poda kichwani, kisha wengine wanafuata hadi mtu hatambuliki. Mimi nataka mkono wako uwe wa kwanza, Papa. Si wa mtu mwingine. Tangu mama afariki sina mwingine wa kumwomba, na hata ningekuwa naye ningekuomba wewe.

Najua hutaki simu. Andika basi, Hilaire anapita huko kila wiki. Niambie neno moja tu, kwamba utakuja.

Mutoto wako,
Kahambu


Lac Vert, tarehe 20 Oktoba 2024

Kahambu mwanangu,

Salamu zako zimenifikia na nimezipokea kwa mikono miwili. Mimi niko, Mungu bado ananiweka. Kifua kinakohoa chenyewe, mimi simo. Mwambie Hilaire mdomo wake ni mpana kuliko barabara ya Sake. Généreuse mpe pole ya goti.

Unaniuliza tena juu ya simu. Mwanangu, mtu akinipigia hapa anasikia watoto wakilia, watu wakigombania maji, redio ya jirani, na palepale anajua niko wapi. Barua haina kelele.

Hadithi yako imeniletea matatizo. Nilimsomea Mama Mukamugema, wa turubai linalopakana na langu, na sasa kila asubuhi ananiuliza kama yule binti ameshashuka kutoka kilimani kumwona baba yake. Muzee Buhendwa, aliyekuwa mkurugenzi wa shule huko Masisi, anasema Waingereza ni watu baridi, binti hatashuka. Wamenuniana kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kuzaliwa.

Lakini mimi na kazi yako hatujaelewana. Unasema mahali panaonyesha tabaka. Haya. Kwetu Kiwanja, kabla vita havijatukimbiza, nilikuwa na nyumba ya matofali na depo ya kuwekea maharagi, na madereva wa malori walikuwa wakinisubiri nimalize kunywa chai. Hapa nina turubai juu ya mawe ya volkano, mawe ambayo hata kigingi hayakubali. Sasa mimi ni tabaka gani? Mwulize mwalimu wako.

Juzi nilimsukuma mwanamke kwenye foleni ya maji. Mimi, Evariste. Alikuwa amenitangulia kwa haki yake, nikamsukuma, nikajaza ndoo, nikaondoka. Nilipofika hapa nilikaa chini nikaitazama mikono yangu, nikaogopa. Sikuandikii ili unihurumie. Nakuandikia kwa sababu yule Yosia sasa ananisumbua.

Usianze tena habari ya kuhamia kwa Généreuse. Mkubwa wa familia halali kwa shemeji yake, hata dunia ipinduke, na imepinduka. Wala usije huku, si mahali pako.

Januari ni mbali. Tutaona.

Papa yako,
Evariste


Goma, Himbi, tarehe 18 Novemba 2024

Papa,

Salamu. Natumaini umeamka vizuri na mvua ya juzi haikuingia ndani. Sisi wazima.

Jana Jumapili nilikuja. Ndiyo, ulinikataza, nami nilikuja. Nilitoka misa nikapanda moto hadi Lac Vert, nikauliza mtu hadi mtu, wakanielekeza. Mama Mukamugema akaniambia umeenda kutafuta kuni. Aliniambia huku akitazama pembeni, maskini, hajui kudanganya. Viatu vyako vilikuwa mlangoni, Papa. Ulikuwa ndani. Nilisimama pale nikiwa na mfuko wa unga mkononi, nikakohoa, nikasema kwa sauti kwamba nimefika. Hukutoka. Nilimwachia mama ule mfuko nikarudi, na njia nzima nililia kwa hasira.

Jana usingizi haukuja, nikamaliza ile riwaya. Binti anaolewa katika kanisa kubwa. Yosia anakuja kwa miguu katika mvua, anasimama nje ya ukuta, anasikiliza nyimbo, kisha anarudi kwenye chumba chake. Binti anakuja kuambiwa akiwa mzee, baba ameshakufa zamani. Mwalimu wangu anasema huo ni ufundi mkubwa. Mimi nilitaka kuingia ndani ya kitabu nimshike yule muzee mkono.

Shangazi anasema mume wake anaweza kusimama mahali pako siku ya kutetea. Ana gari, ana suti, na watu wa chuo wanamjua. Nilikataa. Nisikilize nikwambie kwa nini. Hapa mezani naongea Kifaransa bila kufikiri. Wiki iliyopita nilimwambia msichana anayetufulia apite mlango wa nyuma, na nikasikia sauti ya Shangazi ikitoka mdomoni mwangu. Naandika juu ya watu wanaobadilishwa na nyumba, na nyumba inanibadilisha mimi. Naogopa, Papa. Nataka uwe mle ukumbini ili nijue mimi ni mtoto wa nani.

Utakuja au huji?

Mutoto wako,
Kahambu


Lac Vert, tarehe 8 Desemba 2024

Kahambu mwanangu,

Nakusalimia kwa moyo. Hapa tu wazima, mvua iliingia ikatoka. Unga ulikuwa mzuri, tuliula na Mama Mukamugema, asante.

Viatu ni vyangu. Nilikuwa ndani, nimejifunika blanketi hadi kichwani, nimebana pumzi, mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilikusikia ulivyokohoa. Ulikohoa kama marehemu mama yako akitaka kuanza ugomvi. Nilitaka kutoka, nikalivuta blanketi zaidi.

Suti yangu ilibaki Kiwanja kwenye msumari. Nikija kwenye ukumbi wenu na hili shati, watu watasema: yule ni wa kambi. Nawe utaitwa mtoto wa kambi mpaka siku ya ndoa yako na baada yake. Sikukusomesha upate jina hilo.

Lakini nimepata dawa. Muzee Buhendwa aliikimbiza suti yake kutoka Masisi ndani ya plastiki. Aliacha sufuria, akaiokoa suti. Atakuja yeye. Si tunafanya hivyo siku ya mahari? Baba asiyejua kusema anamweka msemaji, na mambo yanakwenda, na hakuna anayeona aibu. Buhendwa ana Kifaransa cha zamani kile kizito, atawatuliza jury wote. Amekubali kwa furaha iliyopita kiasi. Amefanya mazoezi na majivu juu ya kichwa cha Mama Mukamugema bila kumwomba ruhusa, na sasa nyumba hizo mbili hazisalimiani.

Wewe mwite Papa kwa siku moja. Hutakufa. Mimi nitakuwa hapa nikiomba, na jioni Buhendwa atanisimulia yote.

Papa yako,
Evariste


Goma, tarehe 12 Desemba 2024

Papa,

Salamu. Mimi mzima. Sikuulizi afya yako leo kwa sababu nina hasira.

Siku ya mahari msemaji anasema kwa sababu baba mwenyewe ameketi palepale karibu yake. Nani amewahi kumtuma mtu akawe baba? Muzee Buhendwa namheshimu. Akija nitamsalimia kwa mikono miwili, nitampa kiti kizuri, na akisimama mahali pako nitawaambia jury kwamba huyu si papa yangu. Nitasema mbele ya wote, unanijua.

Wataniita mtoto wa kambi? Waniite! Njoo na shati hilohilo. Njoo hata na turubai mgongoni. Nimechoka kumwandikia mtu anayejifunika blanketi.

Tarehe ni 28 Januari. Noeli njema.

Mutoto wako, huna mwingine,
Kahambu


Goma, Himbi, tarehe 23 Februari 2025

Papa, kama uko hai,

Nakusalimia. Mimi niko mzima. Uko wapi? Unakula? Kifua? Kuna mtu aliye karibu nawe?

Tarehe 28 Januari hakuna aliyetetea kitu. Tulikuwa tumelala chini kwenye korido, magodoro juu yetu, tukisikiliza mabomu. Madirisha ya sebuleni yote yalianguka, na lile kabati la vioo la Shangazi, alilotukataza hata kulisogelea, limekuwa mchanga. Yeye na mume wake walivuka mpaka kwenda Gisenyi, na kutoka huko wakaendelea hadi Kampala. Wanakaa chumba kimoja kwa mtu. Shangazi ameniandikia kwamba mwenye nyumba anamgombeza kwa ajili ya maji, na yeye, Papa, yeye Généreuse, anajibu "samahani mama". Mimi nilibaki kulinda nyumba. Nalala kwenye chumba cha yule msichana aliyekuwa akitufulia, ndicho chenye mlango unaofungika. Yeye mwenyewe amerudi kwao Masisi, na sikumwomba radhi.

Barabara zilipotulia nilikwenda Lac Vert kwa miguu. Kambi haipo. Turubai zimekunjwa zikaondoka na watu wake, yamebaki mawe mliyoyapanga kuzunguka kila nyumba, na vipande vya kamba. Nilitafuta mahali pako nikashindwa kupatambua. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiokota mbao aliniambia watu wote wameambiwa warudi walikotoka. Nikauliza habari za Evariste wa Kiwanja. Akasema, dada, hapa kila mtu alikuwa wa mahali fulani.

Hilaire anasema njia ya Rutshuru imefunguka, nampa barua hii ajaribu Kiwanja. Ile hasira yangu ya Desemba imeisha, nasikia haya hata kuikumbuka. Nijibu, hata kama ni kwa matusi.

Mutoto wako,
Kahambu


Kiwanja, tarehe 30 Machi 2025

Kahambu mwanangu, kipenzi,

Niko hai. Niko hai, futa machozi. Hilaire amenikuta shambani, na amefanya vizuri kunipa barua kabla ya kunipa habari, maana yeye akianza habari hamalizi. Kifua ni kilekile. Pole sana kwa mabomu, pole kwa usiku ule. Namshukuru Mungu wangu kwa ajili yako, mchana na jioni.

Tulipoambiwa tuondoke nilifunga mzigo wangu nikapata lori hadi Rutshuru, na kutoka hapo nikatembea. Buhendwa alishika njia ya Masisi na suti yake kichwani. Sijapata habari zake. Mama Mukamugema alinikumbatia mbele za watu, nikaona haya.

Sasa sikiliza. Nilifika kwetu nikakuta nguo za watoto zimeanikwa kwenye ua. Mama mmoja akatoka, mdogo kwako kidogo, mimba mbele, akaniambia: "Karibu muzee, unatafuta nani?" Nikiwa nimesimama mbele ya mlango nilioutengenezesha mimi, nikasema: "Napita tu, mama." Akanipa maji ya kunywa. Nikayanywa nikaondoka. Nililala kwa mtu mwingine, na ni jirani aliyekwenda kumwambia kwamba yule mpitaji ndiye mwenye nyumba. Alikuja akilia, ameshafunga mizigo. Nikamwuliza, utaenda wapi na hilo tumbo? Kwao kumechomwa. Basi wao wako ndani, mimi niko kwenye depo mlimokuwa na maharagi. Anapika, tunakula pamoja. Nalima shamba la mtu. Hakuna anayeniita patron kama madereva walivyoniita, watoto wake wananiita Muzee wa Depo. Siku nyingine jina hilo linanichekesha, siku nyingine linaniuma na sitaki kuona mtu.

Suti haipo, hata msumari haupo.

Tetea, mwanangu. Usinisubiri. Barabara ina vizuizi, na mimi si mtu wa kuonyeshwa. Lakini wakikupa tarehe mpya, niambie, niiweke kwenye maombi.

Papa yako,
Evariste


Goma, tarehe 3 Julai 2025

Papa yangu,

Salamu kwako, kwa yule mama, na kwa mtoto aliyezaliwa. Nimefurahi sana kusikia wote wazima. Mimi mzima pia, ila usingizi umenikimbia. Natembea ndani ya nyumba hii tupu nikisoma kwa sauti, majirani wanadhani nakemea pepo.

Ni Jumamosi, tarehe 19 Julai, saa nne asubuhi. Nimekwambia kwa ajili ya maombi, ulivyotaka. Kukuomba uje sitakuomba tena, inaniuma mno kukuomba.

Poda nimenunua.

Mutoto wako,
Kahambu


Goma, tarehe 22 Julai 2025

Papa mpenzi,

Hilaire ananiambia mlifika Kiwanja salama. Nashukuru mlifika. Kifua kimestahimili lile vumbi? Kunywa maji ya moto na tangawizi, mwambie mama wa hapo akupikie.

Sasa nikusimulie ambayo hukuyaona ingawa ulikuwepo.

Nilikuwa kwenye swali la mwisho. Rais wa jury alikuwa akiniuliza kama hoja yangu inasimama pia nje ya Uingereza. Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia mtu wa kijivu kuanzia nywele hadi viatu, vumbi lote la barabara ya Rutshuru liko juu yake, yanaonekana macho tu. Nilikujua kabla hujafunga mlango. Na kijana mmoja kule nyuma akapiga kelele: "Uyu muzee wameisha mumwangia poudre! Alitetea lini?" Ukumbi mzima ukacheka.

Papa, walicheka kwa sababu kila mtu mle ndani alikuja na kopo la poda mfukoni, na wakaona mtu ameshapakwa kabla ya wote. Ni hilo tu. Hakuna aliyesema kambi, na hakuna aliyejua kama umewahi kukaa kwenye kambi. Lakini najua wewe ulisikia nini. Nilikuona ukitazama shati lako. Nilikuona ukigeuka.

Nilikuwa mbele, maikrofoni mkononi. Nikasema: "Uyo ni papa yangu." Kazi nzima niliitetea kwa Kiingereza, na hilo nililisema kwa Kiswahili chetu. Kicheko kikakatika. Rais wa jury akavua miwani, akasema: "Basi tusimame, tumupokee papa." Wakasimama, Papa. Wote. Wale maprofesa, wale wamama wenye vitenge vipya, na yule kijana wa kelele alisimama wa kwanza. Wakageukia mlango wakaanza kupiga makofi. Walipiga wakisubiri uingie. Walipiga muda mrefu. Kisha mmoja akaacha, mwingine akaacha, wakakaa, maana mlangoni hapakuwa na mtu, na sauti ya moto ya Hilaire ilikuwa imeshafika barabara kubwa.

Nilijibu swali. Sijui nilijibu nini, lakini wamenipa distinction, alama za juu. Watu walinijia na makopo yao, nikafunika kichwa kwa mikono, nikawaambia mwenye kuanza hajaanza. Wengine walikasirika. Nilirudi nyumbani kwa miguu na nywele zangu nyeusi, na watu wa mtaa walioniona walidhani nimeanguka mtihani, wakanipa pole hadi mlangoni.

Sikugombezi. Nakupenda, na nimechoka kukutafuta mahali ambapo umeshaondoka. Ulipanda moto siku nzima kwa ajili yangu, ulipita vizuizi vyote vile, kizuizi kilichokushinda ni kicheko cha watoto wa chuo. Mimi hicho nitakivuka kwa niaba yako.

Jumamosi ijayo nakuja Kiwanja, Hilaire ameshakubali. Mwambie yule mama aweke kiti kwenye ua, awaite majirani, na wale watoto wake wote wawepo. Hapo ni kwako, hakuna ukumbi, hakuna jury, na wewe ndiye utakayeanza. Poda naleta mimi. Nitafika nimejaa vumbi kuliko wewe, na watu wa hapo watacheka. Waache wacheke, Papa, sisi tuendelee.

Mutoto wako,
Kahambu